Mgomba Haujilishi

Mgeni akipita kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga miteremkoni mwa Kilimanjaro, huona kijani tupu na kudhani ardhi inajizalia yenyewe. Haoni mama aliyeshuka tambarare alfajiri kukata majani ya ng'ombe wa zizini, akapanda nayo mlima, ngata imeloa jasho. Samadi ya ng'ombe huyo huzolewa kwa koleo na kurundikwa shinani mwa migomba. Machipukizi hupunguzwa, majani makavu hukatwa. Mfereji ukijaa tope, watu huingia na majembe kuuzibua, kisha maji hugawiwa kwa zamu. Kahawa nayo huchumwa tunda moja moja, yale mabivu tu. Hongera zao. Tunapolalamikia bei ya mkungu sokoni, tuihesabu na shingo iliyoulisha.