Picha Zinazosema Kiswahili: Mkusanyiko wa Szombati-Fabian na Fabian

Picha iliyotundikwa mbali na kwao huwa bubu, isipokuwa aliyeichukua awe amechukua pia maneno ya aliyeichora. Kauli hii inathibitishwa na mkusanyiko wa Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, wanasayansi ya jamii waliokusanya picha za wachoraji wa Shaba, yaani Katanga, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiini chake ni picha 101 za historia ya Zaire, kazi ya Tshibumba Kanda Matulu ya mwaka 1973 na 1974.

Picha hizo, zilizohifadhiwa na Wereldmuseum ya Amsterdam (zamani Tropenmuseum), zilikuwamo katika maonyesho ya The Short Century yaliyoandaliwa na Okwui Enwezor na kuanzia Munich mwaka 2001. Katika mji huohuo Kandinsky na Marc waliasisi kundi la Der Blaue Reiter mwaka 1911. Kwa rangi zake kali na maumbo yasiyofuata vipimo, ni rahisi Tshibumba kuhesabiwa miongoni mwa waekspreshonisti. Uainishaji huo haufai. Waekspreshonisti walitaka kudhihirisha hisia za nafsi. Tshibumba alijitambulisha kuwa mwanahistoria. Katika picha ya kifo cha Lumumba, misalaba mitatu iliyo nyuma na damu inayoandika ardhini neno «Unité» si kilio cha mchoraji. Ni hoja: kwamba mtu huyo alitolewa kafara kwa ajili ya umoja wa nchi.

Hoja hiyo ilielezwa kwa Kiswahili. Fabian alirekodi ufafanuzi wa mchoraji, picha baada ya picha. Waekspreshonisti walioziiga sanamu za Kiafrika katika makumbusho ya Ulaya hawakupata jina wala neno la wachongaji; hapa vyote vimehifadhiwa. Hata hivyo, kitabu cha Remembering the Present (1996) kinatoa mazungumzo hayo kwa tafsiri ya Kiingereza. Hiyo ndiyo kasoro yake: wasemaji wa Kiswahili si walengwa wa kwanza wa historia iliyosimuliwa kwa lugha yao.

Kiswahili cha mkulima wa Lubarika, katika bonde la Ruzizi, hakilingani kabisa na cha Shaba. Lakini angeifuata sauti ya Tshibumba bila mkalimani, na hata kuibishia, kwani uasi wa mwaka 1964 ulipita Uvira pia. Mchoraji hajasikika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maonyesho yatakayoziweka picha zake pamoja na Kiswahili chake yatamrudishia wabishani wake halisi.