Uso Usiosomeka: Kumhakiki James Parkinson

Mwaka 1817 daktari James Parkinson wa London alichapisha insha juu ya ugonjwa wa kutetemeka. Alieleza wagonjwa 6. Baadhi aliwakuta barabarani tu. Udhaifu wa usimulizi uko hapo: msimulizi ni mpita njia. Kwetu Mbinga, baba akipumzika toka shamba la kahawa, mkono unatetemeka, hata jirani anauona. Lakini uso uliokakamaa je? Shangazi alipanda kutoka Mbamba Bay na kapu la usipa, baba hakutabasamu. Shangazi akanuna: "Kaka kanichoka." Kumbe ni misuli tu imegoma! Mhakiki wetu ni mama: hausomi uso, anamsubiri aseme. Insha ya wanaomvisha shati tuiandike sisi.