Boi, Bosi na Kabibi: Jinsi ya Kuipima Filamu ya Mapenzi

Kiswahili cha Nyangwe, huko Maniema nchini Kongo, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Lualaba, kiliitwa Kingwana kwa sababu ya wangwana waliofika huko na misafara ya karne ya 19. Mwungwana ni mtu huru. Aliye kinyume chake ni mtumwa. Basi mtu wa Nyangwe, Kasongo au Kabambare anapoketi kutazama filamu ya mapenzi ya asiye nacho, lugha yake imekwisha kumfundisha swali la kwanza: huyu amewekwa chini na nani?

Filamu nzuri ya kujifunzia kuzipima filamu za namna hiyo ni La Vie est belle ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Mwezé Ngangura pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Mwezé alizaliwa Bukavu. Papa Wemba, mwigizaji mkuu, alizaliwa Lubefu katika Sankuru. Maniema imelala katikati ya makwao hayo mawili. Papa Wemba anamwigiza Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta muziki wa umeme, akaishia kuwa boi katika nyumba ya Nvouandou, tajiri mwenye klabu. Anampenda Kabibi. Bosi wake naye anamtaka Kabibi awe mke wa pili.

Kipimo cha kwanza ni kazi. Mtazamaji aangalie mikono: je, maskini huyu anafanya kazi kweli, au umaskini wake ni shati lililochanika tu? Katika Bobby, filamu ya Kihindi ya mwaka 1973, binti wa mvuvi anamfungulia mlango kijana wa kitajiri huku mikono imejaa unga uliokorogwa, kisha anajipaka nyweleni bila kujua. Jiko lote limeingia katika picha moja. Kourou vilevile: uboi wake ndio unaomweka chini ya paa la mshindani wake, na bila kazi hiyo hakuna hadithi.

Cha pili: kicheko kinamwangukia nani?

Filamu dhaifu humcheka mshamba asiyejua mambo ya mjini, ikaridhika hapo. Mwezé amekielekeza kicheko juu. Nvouandou ana fedha na jina, lakini nguvu za kiume zimemtoka. Mganga anamwambia aoe bikira, kisha asimguse kwa siku 30. Fedha imemletea mke mpya, naye anabaki kuhesabu siku. Mwezé ametetea kwa miaka mingi kwamba sinema ya Afrika ina haki ya kuburudisha. Hapa burudani yenyewe ndiyo inayomhukumu tajiri.

Cha tatu ni wanawake. Mke wa kwanza, Mamou, ana hasira na akili zake, na filamu inampa nafasi ya kuzitumia. Mama wa Kabibi anapomkubali tajiri, mtazamaji anaelewa hesabu yake hata kama haipendi. Kabibi mwenyewe ndiye angestahili nafasi zaidi. Mara nyingine wanaume wawili wanamgombea huku kamera imesahau kumuuliza. Hapo filamu inapungukiwa, na mpimaji mwadilifu aseme hivyo hata kama ameipenda.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni ngazi: maskini amepanda kwa kitu gani? Katika Pretty Woman ya mwaka 1990, pochi ya mwanaume ndiyo inayovusha mapenzi, kuanzia nguo hadi hoteli. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, haikutafuta ucheshi: mapenzi ya Denge na Yasmin yanabanwa na siasa za Zanzibar ya kikoloni, wala hayapewi njia ya mkato. Kourou anapanda kwa sauti yake, na ngazi hiyo inabeba uzito kwa sababu Papa Wemba, mwanzilishi wa Viva la Musica mwaka 1977, hakuhitaji kuigiza kuimba.

Atakayeirudia filamu hii asizisikilize nyimbo tu. Aangalie kama hadithi inasimama kuzisubiri au inasogea nazo, na amtazame Kourou akiwa mbele ya hadhira: aliyeshika maikrofoni ni yule yule aliyekuwa akitumwa na bosi.