Nani Alikata Kwanza?

Kila mwenye simu Tanzania ameshaambiwa kwamba mteja anayempigia hapatikani kwa sasa. Sauti ile haisemi sababu. Huenda chaji imemwishia, huenda yuko bondeni, huenda amezima makusudi. Mafundi wa seva nao huita "mteja" kila kompyuta inayozungumza na seva yao, na kazi yao huanza pale sauti ile inaponyamaza: nani alikata kwanza, saa ngapi, na je, aliaga?

Fundi mmoja wa Kasulu, mkoani Kigoma, mtu wa makamo ambaye huitwa mara kwa mara hadi Kibondo, huifanya kazi hiyo kwa daftari la mistari na kalamu ya wino. Safari hii aliitwa kwenye kituo kimoja cha afya.

"Shikamoo, fundi," alisema karani wa mapokezi.

"Marahaba, binti. Inakuwaje?"

"Kila asubuhi saa mbili, kwa mgonjwa wa kwanza tu, programu inakataa. Nikiizima nikaiwasha inakubali. Mtandao unasumbua."

Mtandao unasumbua! Maneno hayo mawili yamefunika uzembe mwingi kwenye madirisha ya ofisi za nchi hii. Zipo siku yana haki: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba kutoka Dar es Salaam hadi mikoani. Lakini seva ya kituo kile ilikuwa chumba cha pili, nyuma ya stoo ya dawa. Kutoka kwa karani hadi kwenye seva ni waya wa hatua chache, wala hakuna bahari ya kusingiziwa.

Fundi hakugusa swichi. Alifungua logi, yaani kumbukumbu ambazo seva hujiandikia, akashuka taratibu hadi saa mbili asubuhi. Hakukuta kitu. Wengi wangefunga begi hapo.

Yeye alichora safu tatu kwenye daftari. Ya kwanza ni saa ya karani, ambaye kama Waswahili wote huanza kuhesabu saa za mchana kunapokucha. Ya pili ni saa ya simu, ambayo saa mbili ya karani huiita 08:00. Ya tatu ni saa ya seva. MySQL, hifadhidata iliyokuwa ikitumika pale, tangu toleo la 5.7 huandika logi yake ya makosa kwa saa za UTC isipoelekezwa vingine, na saa hizo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Asubuhi ya karani, kwa seva, ni 05:00. Akaitazama 05:00. Kimya vilevile.

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Programu niliiacha wazi, nisihangaike asubuhi."

Kalamu ikatembea. Saa kumi na moja na nusu jioni ni 17:30. Kwa seva ni 14:30. Kwa kawaida MySQL humwachia mteja aliyenyamaza kwa sekunde 28,800, kisha humkata. Hizo ni saa nane. Fundi akarudi nyuma hadi tarehe ya jana, na hapo kwenye 22:30 palikuwa na mstari mmoja: muunganisho umekatwa, muda wa kusubiri umekwisha. Uzi ulikatika saa saba na nusu usiku, pengine mlinzi peke yake akiwa macho. Seva iliandika kifo hicho kwa tarehe ya jana, karani akaja kuuona msiba leo.

Uzuri wa kazi hii uko kwenye kusoma mwendo. Mvua ya nyanda za juu za Kigoma haijui namba kamili. Antena ikisumbuliwa na mvua, mikato huja ovyo. Wateja wakikatika wote kwa mpigo, mtu huanzia kwenye umeme. Akianguka mmoja yuleyule, hufuatwa waya wake, na mara nyingi hukutwa umekanyagwa na mguu wa meza. Ila mikato inayofuatana kila dakika tano bila kukosea sekunde ni kazi ya mkono wa mtu aliyeweka kikomo mahali, akasahau.

Kuna pia adabu ya kuondoka. Kanuni za TCP, ambazo kompyuta huzifuata zinapozungumza na zilizochapishwa mwaka 1981, zinataka kila upande uage na mwenzake akiri kusikia. Waha wa Kigoma, ambao salamu zao hufuatana na makofi, wasingeona ajabu. Anayeondoka kwa kubamiza mlango naye huacha alama yake kwenye logi. Mgumu ni anayetoweka bila neno, kwa umeme kukatika. Seva ya mfumo wa Linux ikiachiwa mipangilio yake, hata programu ikiiomba iwe inabisha hodi, hukaa saa mbili nzima kabla ya kubisha mara ya kwanza, na muda wote huo humhesabu marehemu kuwa mzima.

Fundi huyu alijifunzia kazi Kasulu ya majenereta ya dizeli ya TANESCO, kabla gridi ya Taifa haijafika mwaka 2022. Madaftari yake ya wakati huo yamejaa saa za umeme kukatika, akizilinganisha na logi mstari kwa mstari. Vijana anaofanya nao kazi sasa hawana madaftari. Huzima, huwasha, na diski ikijaa, logi ndizo za kwanza kufutwa.

Hata watengenezaji wa MySQL wanapunguza maneno. Toleo la 5.7, lililokuwa kwenye seva ile, liliandika mikato ya aina hii bila kuombwa. Toleo la 8.0, lililotoka mwaka 2018, limeshusha kiwango cha maelezo kutoka 3 hadi 2, na mistari kama ule wa 22:30 haiandikwi tena mpaka mtu aidai. Na 5.7 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2023, hivyo seva ile nayo itabadilishwa tu.

"Kwa hiyo mtandao umepona?" karani aliuliza.

Fundi alimwomba kipande cha plasta kutoka chumba cha vidonda. Akaandika juu yake kwa kalamu yake, "Mkibadilisha toleo, rudisheni 3," akakibandika ubavuni mwa seva, juu ya vumbi alilolifuta kwanza kwa kiganja.