Ustadi wa Banda la Blean

Miongoni mwa Waingereza waliokuwa watoto katika miaka ya 1970, ni nadra kumpata atakayetajiwa Bagpuss, yule paka wa kitambaa mwenye mistari ya waridi na nyeupe, asikunjue uso. Kipindi cha paka huyo kilikuwa na sehemu 13 tu, ambazo shirika la utangazaji la BBC lilianza kuzionyesha mwezi Februari 1974, wala hakuna nyingine iliyoongezwa. Hata hivyo, mwaka 1999, BBC ilipowaomba watazamaji wachague kipindi cha watoto walichokipenda kuliko vyote, paka huyo ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mtu mzima anayeitamani runinga ya utotoni mwake kwa kweli anautamani utoto wenyewe, yaani alasiri zisizo na kazi, sebule yenye joto na wazazi waliokuwa bado hai. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi, kwa kuwa watoto haohao walitazama vipindi vingine vingi katika sebule zilezile na saa zilezile, na vingi vya hivyo vimesahaulika kabisa. Hamu ya mambo ya zamani huchagua, na kwa upande wa kazi za Oliver Postgate na Peter Firmin, waliomuumba Bagpuss na wenzake, inaelekea kwamba kilichochaguliwa ni kazi ya mikono: mtoto aliona, hata kama hakuweza kulieleza jambo hilo, kwamba kitu kilichokuwa mbele yake kilitengenezwa polepole na mtu aliyejali namna kitakavyoonekana.

Sanaa yenyewe ni tawi la uhuishaji, yaani ufundi wa kukifanya kitu kisicho na uhai kionekane kinatembea na kufikiri, na tawi hilo ni lile la kupiga picha moja moja. Kikaragosi, ambaye ni mwanasesere mwenye viungo vinavyopindika na kubaki vilivyowekwa, husimamishwa mbele ya kamera na kupigwa picha moja. Kisha fundi huusogeza mkono wake kwa kiasi kisichozidi upana wa punje ya mtama, akapiga picha nyingine, akausogeza tena, mpaka mkono ufike shavuni. Televisheni ya Uingereza ilionyesha picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo dakika moja ya hadithi ilihitaji picha 1,500, na hata fundi mzoefu aliyepiga picha mbili kwa kila mkao ili ajipunguzie kazi alibaki na mikao 750 ya kupanga kwa kila dakika. Katika kazi hiyo hakuna mwigizaji wa kuombwa arudie. Fundi akiigusa meza kwa kiwiko, au akisahau ni mguu upi uliokuwa ukitangulia, kosa lake huingia katika filamu na kukaa humo, na njia ya kuliondoa ni kuanza upya mwendo wote.

Postgate hakufundishwa ufundi huo darasani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa msimamizi wa jukwaa katika kampuni ya televisheni ya Associated-Rediffusion jijini London, na huko, baada ya kuona namna hadithi za watoto zilivyokuwa zikiandikwa, aliamini kwamba yeye angeweza kuandika zilizo bora zaidi. Kazi yake ya kwanza, hadithi za panya aliyeitwa Alexander, ilirushwa hewani moja kwa moja, na michoro yake ilisogezwa kwa sumaku zilizofichwa chini ya meza. Kwa bahati mbaya sumaku hazikuwa tiifu, na mhusika aliyetakiwa kutembea kwa adabu angeweza kuteleza au kupinduka mbele ya taifa zima. Filamu ilimpa alichokikosa, yaani uwezo wa kukitawala kila kitendo kabla hakijaonwa na mtu. Firmin, mwalimu wa sanaa aliyeajiriwa kuchora michoro ile ya Alexander, akawa mwenzake wa maisha katika kampuni yao ndogo ya Smallfilms, na karakana yao ikawa banda la ng'ombe lililoachwa kutumika katika shamba la Firmin huko Blean, karibu na mji wa Canterbury, kusini-mashariki mwa Uingereza.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Postgate aliandika, akasimulia kwa sauti yake mwenyewe na kuvisogeza vikaragosi. Firmin alichora, akachonga na kuunda. Kamera ilikuwa ya filamu ya milimita 16, iliyounganishwa na mtambo wa kienyeji wa kubofya picha moja kwa wakati, na humo ndani vilikuwamo vipande vya Meccano, vile vyuma vidogo vyenye matundu ambavyo watoto wa Uingereza walivitumia kuundia mashine za kuchezea. Kwa zana hizo mafundi wale waliweza, siku ikiwa nzuri, kukamilisha takriban dakika mbili za filamu, kiasi ambacho studio za kawaida za wakati huo hazikuweza kukikaribia, na walilazimika kwenda kwa kasi hiyo kwa sababu malipo yalikuwa madogo. Umaskini wa vifaa ndio uliowafundisha kutopoteza mwendo hata mmoja: kikaragosi wao hatikisi kichwa bila sababu, wala hapungi mkono ili tu aonekane anapunga, na mtazamaji mdogo huzoea upesi kwamba kila kinachosogea kina maana.

Kazi zao za mwanzo zilikuwa za karatasi ngumu iliyochorwa, ikakatwa na kusogezwa juu ya mandhari bapa. Noggin the Nog, iliyoanza mwaka 1959, ilipata sura za watu wake kutokana na sataranji za kisiwa cha Lewis, vinyago vya karne ya 12 vilivyochongwa kwa pembe ya mnyama wa baharini aitwaye sili-pembe na ambavyo vingi vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum. Ivor the Engine, ya mwaka huohuo, ilihusu kichwa cha treni cha Wales kilichotamani kuimba katika kwaya, na mvuke wake ulikuwa pumzi ya Postgate mwenyewe, aliyepuliza kwa kinywa chake mbele ya kinasa sauti. Hizi ni kazi nzuri, ila ustadi wa wawili hao ulifikia kilele pale walipoiacha karatasi na kuingia katika kitambaa, sufu na mbao.

The Clangers, kipindi kilichoanza Novemba 1969, miezi minne tu baada ya wanaanga wa Apollo 11 kutua mwezini, kinaonyesha ukoo wa viumbe wenye pua ndefu, wanaoishi ndani ya mashimo ya sayari ndogo na kuyafunika mashimo hayo kwa mifuniko ya chuma inayolia kama ya mapipa ya taka. Viumbe hao walifumwa kwa sindano na Joan Firmin, mke wa Peter, kwa uzi wa sufu wa rangi ya waridi, na ndani yao mlikuwa na mifupa ya Meccano iliyowawezesha kusimama na kuinama. Inafaa kuitazama sufu hiyo kwa karibu. Kila baada ya picha, vidole vya fundi viliishika, na kila ilipoachwa nyuzi zake zililala kwa namna tofauti kidogo na mwanzo. Picha zinapofuatana kwa kasi, ngozi ya kiumbe huonekana ikitetemeka bila kukoma, hata anapokuwa amesimama tu. Katika studio kubwa mtetemo huo huhesabiwa kuwa dosari, na mafundi hutafuta vitambaa vigumu ili kuuepuka. Hata hivyo, kwa jicho la mtoto, kiumbe yule anapumua. Alama za vidole vya mtengenezaji, ambazo sanaa nyingine hujitahidi kuzifuta, hapa ndizo zilizokuwa uhai wa kilichotengenezwa, na kwa maoni ya mwandishi wa insha hii hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo wa kile ambacho watu wazima wanakikumbuka bila kujua kwamba wanakikumbuka.

Viumbe hao hawazungumzi lugha ya binadamu. Sauti zao ni za filimbi yenye kijiti cha kuvuta ndani yake, ambacho huifanya sauti ipande na kushuka mfululizo, na jambo la kustahiwa ni kwamba Postgate hakuwaachia wapigaji walie ovyo: aliandika mazungumzo yote kwa Kiingereza kamili, kisha kila sentensi ikapigwa kwa filimbi kwa kufuata kupanda na kushuka kwake, pamoja na ghadhabu, mshangao au ubembelezi uliokuwamo. Watoto waliyaelewa mazungumzo hayo. Muziki uliotungwa na Vernon Elliott, mpigaji wa basuni, ambayo ni ala ndefu ya mbao ya kupuliza yenye sauti nzito, uliachiwa nafasi kati ya maneno, kwani watu hawa hawakuuogopa ukimya.

Bagpuss ndiyo kazi ambamo ufundi huu ulijigeuza kuwa mada. Hadithi huanza kwa picha mgando za rangi ya kahawia, kama zile za karne ya 19, zinazomwonyesha msichana Emily, ambaye aliigizwa na binti wa Firmin, na duka lake lisilouza chochote. Emily hukusanya vitu vilivyopotea na kuvunjika, huvileta kwa paka wake wa kitambaa na kuondoka. Ndipo paka anapoamka, rangi zikaingia katika picha, na wenzake wote wakaamka naye. Kazi yao ni kukitambua kitu kilicholetwa, kukisafisha, kukikarabati na kukiweka dirishani, ili mwenyewe akipita akione na kukichukua. Wakarabati hao nao ni vitu vya nyumbani: Madeleine ni mwanasesere wa vitambaa, Profesa Yaffle ni kigong'ota wa mbao aliyechongwa kushikilia vitabu na ambaye ujuaji wake Postgate aliuchukua kwa wanafalsafa na wasomi aliowafahamu, akiwamo Bertrand Russell, na hata rangi ya paka mwenyewe ilitokana na ajali, kwani kitambaa chake kilikusudiwa kuwa cha rangi ya machungwa, kikarudi kutoka kwa watia rangi kikiwa cha waridi. Firmin hakukitupa. Uamuzi huo wa kukipokea kitambaa kilichoharibika na kukitafutia mahali pake unalingana kabisa na maadili ya duka la Emily.

Katika mojawapo ya sehemu za Bagpuss, panya wa duka wanakipata kinu cha kuchezea na kutangaza kwamba wakikitilia maharagwe na chenga za mkate, kitatoa biskuti za chokoleti. Nao huzitoa kweli, moja baada ya nyingine, mpaka Yaffle anapokwenda nyuma ya kinu na kugundua kwamba ni biskuti ileile moja inayobebwa na panya kuzungushwa na kutolewa tena mbele. Onyesho hili lina ujasiri mkubwa kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu mafundi wawili ambao riziki yao ilitegemea hila ya macho waliamua kuwaonyesha watoto hila inavyofanyika, wakiamini kwamba furaha haitapungua. Wala haikupungua. Mtoto aliyekwisha kuona upande wa nyuma wa kinu huendelea kufurahia biskuti zinazotoka mbele, na pengine huzifurahia zaidi, kwa kuwa sasa anaijua bidii ya panya.

Ni kweli kwamba mazingira ya utangazaji yalisaidia. Uingereza ilikuwa na chaneli tatu tu za televisheni mpaka mwaka 1982, kinasa video hakikuwa kitu cha kila nyumba, na sehemu zile 13 zilirudiwa mwaka baada ya mwaka, hivi kwamba kizazi kizima kiliziona hadithi zilezile kwa wakati mmoja na kuzijua kwa moyo. Lakini kurudiwa ni mtihani pia, maana kazi iliyolipuliwa huchosha mara ya tatu, ilhali iliyotengenezwa kwa makini humfunulia mtazamaji jambo jipya: kiraka katika nguo ya Madeleine, au mkao wa panya mmoja nyuma ya wenzake.

Katikati ya miaka ya 1980 oda zilikauka, na watangazaji wakaanza kupendelea vipindi vya kasi, ambavyo humshtua mtoto kila mara ili asihamie chaneli nyingine. Postgate, aliyefariki Desemba 2008, aliamini kinyume chake, kwamba mtoto huweza kungoja akipewa kitu cha kukingojea. Mwaka 2015 The Clangers ilirudi BBC, msimulizi akiwa Michael Palin, huku Firmin akishauri na mwana wa Postgate akiandika baadhi ya hadithi. Wakati huo kompyuta ilikuwa imekwisha kuichukua kazi ya vikaragosi katika vipindi vingi vya zamani vilivyofufuliwa, na ingeweza kuichora sufu ya waridi isiyotetemeka hata kidogo. Waliokabidhiwa kipindi waliamua viumbe wafumwe tena kwa sindano na kusogezwa tena kwa vidole, picha moja moja, na mwaka huohuo kazi yao ikatunukiwa tuzo ya BAFTA ya uhuishaji wa watoto wadogo. Wazazi walioketi kuitazama walikuwa na miaka ya 1970 ya kuikumbuka. Watoto waliokuwa mapajani mwao, wenye umri wa miaka mitatu au minne, hawakuwa na cha kukumbuka, nao wakawapenda viumbe wale vilevile.