Mpishi wa mlimani, hongera

Wageni wakishuka Kilimanjaro husifia kilele cha Uhuru, mita 5,895, na kiongozi aliyewafikisha. Mimi namsifia mpishi. Wapo wapishi wasio wenyeji wa vijiji vya mlimani kama Marangu au Machame. Walikuja Moshi kusaka maisha, wakaanza kuosha vyombo migahawani, wakawa wapagazi, waitwao wagumu, mzigo wa kilo 20 kichwani, mpaka wakakabidhiwa sufuria.

Na kazi yenyewe! Kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, haina maji. Hubebwa kutoka bonde la Karanga. Tena hapo Barafu maji huchemka kabla ya nyuzi 90, hivyo maharage yatakushinda hata ukeshe nayo. Mpishi analijua hilo: supu ya maboga, tambi, ugali wa wagumu, vyote hemani, kwa jiko la gesi.

Akishapakua anakuwa msanii. Kitambaa mkononi, anaigiza mhudumu wa hoteli kubwa, na mgeni aliyegoma kula anacheka, anaomba kijiko. Wapishi wengine, Wakristo kwa Waislamu, huwaombea wapandaji wanaojiandaa kwenda kileleni saa sita usiku, huku uji ukitokota.

Bakshishi ikigawanywa kwenye lango la kutokea la Mweka, jamani, fungu lake lisiwe la kubahatisha.