Chui Milia Weusi wa Similipal: Jinsi Siri ya Rangi Yao Ilivyofumbuliwa

Katika msitu wa Similipal, jimbo la Odisha mashariki mwa India, wapo chui milia ambao ukiwaona kwa mbali utaapa kuwa ni weusi tii. Ukiisogelea picha, unaona kilichotokea: ile mistari ya kawaida imepanuka, ikavamiana na kuungana, hadi rangi ya chungwa ikabakia vijipande tu. Kamera zilizotegwa katika maeneo yote wanamoishi chui milia zimewapata wa aina hii Similipal peke yake, na humo walikuwa kama asilimia 37 ya waliopigwa picha.

Kwa nini huko tu, na kwa nini wengi kiasi hicho?

Jibu lilichapishwa Septemba 2021 katika jarida la PNAS na timu ya Vinay Sagar na Uma Ramakrishnan wa kituo cha utafiti wa sayansi za kibiolojia cha NCBS, Bangalore, wakishirikiana na wataalamu wa jenetiki wa taasisi ya HudsonAlpha ya Marekani. Matokeo yenyewe yametangazwa sana. Njia iliyotumika haijazungumzwa inavyostahili, nayo ndiyo yenye somo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa ukoo. Ili kuijua jeni inayobeba sifa fulani, inasaidia sana kujua nani kazaliwa na nani, na msituni hakuna anayeandika vizazi vya chui. Basi watafiti walianzia kwenye bustani ya wanyama. Nandankanan, karibu na jiji la Bhubaneswar katika jimbo hilohilo, ilikuwa na watoto weusi waliozaliwa na wazazi wa rangi ya kawaida. Hapo tayari kuna dokezo kubwa: mzazi anaweza kuibeba sifa hiyo bila kuionyesha, na mtoto huwa mweusi pale tu anaporithi nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama.

Wakasoma jenomu nzima za chui wa bustani, wakatafuta mahali ambapo kila mweusi ana nakala mbili za badiliko moja na hakuna wa kawaida aliye nazo mbili. Msako ukaishia kwenye jeni iitwayo Taqpep. Herufi moja tu ya vinasaba, C, ilikuwa imegeuka T katika nafasi ya 1360. Badiliko hilo huifanya asidi amino ya 454 ya kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni hiyo iwe tairosini badala ya histidini.

Jeni hiyo haikuwa ngeni, na hapa Afrika inaingia kwenye kisa hiki. Mwaka 2012 wanasayansi walionyesha kuwa hitilafu katika Taqpep ndiyo inayowapa baadhi ya paka wa nyumbani mabaka ya mviringo badala ya mistari, na ndiyo inayomfanya duma mfalme wa kusini mwa Afrika awe na madoa makubwa yaliyoungana. Duma huyo alipewa jina la spishi ya peke yake mwaka 1927. Mwaka 1981, katika kituo cha De Wildt cha Afrika Kusini, akazaliwa na mama mwenye madoa ya kawaida, na hoja ya spishi tofauti ikafa. Paka, duma na chui milia: jeni moja, matokeo yaleyale.

Ilibaki kazi ya msituni. Chui wa Similipal hawakukamatwa. Watafiti walitumia vile wanavyoviacha njiani, kama vile kinyesi. Vinasaba vya kinyesi ni vibovu: jua na unyevu huvikatakata, na vingi ni vya bakteria au vya mnyama aliyeliwa. Kusoma jenomu nzima kutoka humo ni shida. Kuuliza swali la herufi moja, C au T, kunawezekana, na ndiyo maana ile hatua ya bustani ilikuwa ya lazima.

Walipata chui 12 tofauti. Kila chui ana nakala mbili, jumla 24. Badiliko lilikuwa kwenye asilimia 58, yaani nakala 14. Msomaji anaweza kulikagua hilo mwenyewe: uwezekano wa mtoto kupata nakala mbili ni 0.58 mara 0.58, karibu theluthi moja. Kamera zilisema asilimia 37. Vipimo viwili visivyotegemeana vikapatana. Kwa chui wengine 395 wa makundi mengine ya chui milia, badiliko halikuonekana hata mara moja.

Je, weusi unawafaa kwa kujificha ndani ya msitu mzito? Wazo hili linavutia, na uzuri wa utafiti ni kwamba haukulipokea hivihivi. Chui weusi wangekuwa wamependelewa na mazingira, basi tofauti kati ya Similipal na kwingineko ingekuwa kubwa kwenye Taqpep kuliko kwenye nafasi nyingine za jenomu. Watafiti walilinganisha nafasi hizo, wakakuta nyingine zenye tofauti kubwa vilevile; Taqpep haikujitenga. Ukichota konzi moja ya maharage kwenye gunia la mchanganyiko, rangi iliyo adimu guniani inaweza kujaa mkononi kwa bahati tu. Similipal ni konzi hiyo: chui wachache walioanzisha ukoo, wakatengwa na wenzao, wakazaana wao kwa wao. Chui 12 si wengi, na mchango mdogo wa mazingira haukanushiki kabisa, lakini maelezo ya bahati na utengano ndiyo yenye uzito.

Kwa hiyo rangi hii ni dalili ya upweke wa kijenetiki. Mwishoni mwa 2024 India ilihamishia Similipal majike wawili, Jamuna na Zeenat, kutoka hifadhi ya Tadoba-Andhari, Maharashtra, ili kuleta damu mpya. Zeenat alitoroka akapitia Jharkhand hadi Bengali Magharibi, akapigwa sindano ya usingizi Desemba 29 na kurudishwa. Mwaka huohuo serikali ya Odisha ilitangaza mpango wa eneo la kutalii chui weusi karibu na mji wa Baripada, na hesabu ya jimbo ikataja chui wazima 27 Similipal, 13 kati yao wakiwa weusi.

Mipango hii miwili haipaswi kupewa uzito sawa. Majike wa Tadoba wakizaa, watoto wao wa kwanza hawatakuwa weusi, maana hawatarithi zaidi ya nakala moja, na sehemu ya weusi itapungua. Wasimamizi wa Similipal waupokee upungufu huo kama mafanikio, hata kama watalii watalalamika.